Mtandao Upo, Lakini Saa Ngapi?

Jumanne, Mtwara hadi Tandahimba

Fomu niliyokabidhiwa ina safu kibao za namba na safu moja tu ya maneno: "Mtandao wa kasi: upo / haupo." Hiyo moja ndiyo yenye fedha. Kijiji kikiandikwa "upo" kinatoka kwenye orodha ya kusubiri. Kikiandikwa "haupo" kinabaki kwenye mazungumzo ya bajeti ijayo. Mimi ni mpimaji wa kukodiwa, na kampuni iliyonikodi nayo imekodiwa. Tunapita barabara, tunasoma mawimbi, tunajaza.

Gari ni Land Cruiser ya zamani. Dereva ni mzee wa Kingindo kutoka Liwale. Ananiita binti, namwita Mzee, na tumekubaliana kwamba redio ni yake mpaka saa sita mchana. Kwenye dashibodi nimefunga simu nne, kila moja na laini ya mtandao wake, laptopu iko miguuni, na kipokezi cha GPS kimegandishwa kwenye paa kwa sumaku. Simu zinapakua na kupakia faili bila kupumzika huku nguvu ya mawimbi ikiandikwa kila sekunde. Namba zake ni hasi: kwenye -85 umekaa vizuri, kwenye -100 bado mambo yanakwenda, ikivuka -115 simu inaanza kuhangaika na chaji inaisha upesi.

Mpaka Mnivata ni lami, kilomita 50 za raha. Baada ya hapo ni vumbi la ujenzi, magreda na michepuko. Oktoba ni msimu. Mabibo yameshaanza kuanguka chini ya mikorosho na harufu yake inaingia garini hata ukifunga vioo.

Tandahimba mjini simu zote nne zilisoma 4G, mawimbi -83. Kwa fomu yangu kazi ilikuwa imekwisha pale pale. Nikaenda steshenari kuchapa karatasi za kesho. Ndani kulikuwa na foleni ya vijana waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja anasubiri kufunguliwa akaunti yake ya SIPA aone kama Bodi ya Mikopo imempangia chochote. Binti mmoja alikuwa amekuja kwa bodaboda kutoka kijijini, simu yake ni kitochi. Ukurasa ulikuwa unazunguka tu.

"Dada, asubuhi hapa inaruka," mwenye duka aliniambia. "Jioni kama hii, ukitaka kufungua kitu nenda kale kwanza."

Saa mbili usiku nilipima kutoka chumba cha wageni: megabiti 0.6 kwa sekunde. Nikatega saa ya kuamka. Saa nane usiku, kitanda kilekile, mawimbi yaleyale ya -83, nilipata megabiti 14.

Si muujiza. Minara mingi ya huku haijaungwa moja kwa moja na Mkongo wa Taifa, ule waya mkuu wa mawasiliano wa nchi. Mnara unapokea kwa dishi kutoka mnara mwingine, nao kutoka mwingine, hadi ule uliofikiwa na waya wa mkongo. Kila mnara njiani unaingiza wateja wake kwenye njia ileile, na wa mwisho anaambulia kilichobaki. Vile vistari vya kwenye simu vinakueleza wewe na mnara mmesikiana vipi. Huo mnara unatokaje nje, havisemi. Msimu wa korosho mambo yanazidi: fedha zimeingia, watu wamenunua simu janja, na kila mtu anataka jioni.

Mama aliyetuuzia chai asubuhi alielewa haraka kuliko wakubwa wangu. "Kama maji ya Makonde tu, mwanangu. Bomba unalo, maji yanakuja usiku wa manane."

Jumatano, Newala na bondeni

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla. Chini unaliona bonde la Ruvuma lote, na ng'ambo ni Msumbiji. Mtu wa minara akifika hapa anafurahi. Dishi linahitaji kuonana na mwenzake bila kilima wala msitu katikati, na kutoka kwenye ukingo huu unaona mbali mno. Ndiyo maana minara imepangwa juu.

Tatizo ni walio chini ya ukuta. Antena ya mnara inatupa mawimbi kwa mlalo, imeinamishwa kidogo tu. Mawimbi yanatoka ukingoni, yanapita juu ya vijiji vilivyo karibu kabisa na genge, na kwenda kutua kilomita kadhaa mbele. Mtu anauona mnara kwa macho, usiku anaona hata taa yake nyekundu, na simu inamwambia hakuna huduma.

Tulishuka polepole, Mzee akiwa kwenye gia ya kwanza karibu njia nzima. Kwenye kijiji cha kwanza bondeni, mnara wa juu ulisomeka -118. Simu mbili zikanyamaza kabisa. Ya tatu ikafufuka kwa furaha, mawimbi -87, ujumbe ukaingia: nakaribishwa Msumbiji, kwa Kireno.

Vijana wa kijiweni walicheka. Wamezoea. Simu ikiachwa ijichagulie mtandao inakimbilia ng'ambo, na salio linaliwa kwa bei ya mtu aliye nje ya nchi huku umeketi chini ya mwembe wa babu yako. Bodaboda mmoja alinionyesha alivyofunga simu yake isihame: ameingia kwenye mipangilio, ameuchagua mtandao wa Tanzania kwa mkono, basi. Sasa haibiwi salio, ila pia hapatikani mpaka apande mlima.

"Mteja akinihitaji, anamtuma mtoto," alisema.

Mtendaji wa kijiji alikuja na mashine yake ya POS mfukoni. Anakusanya ushuru mchana, risiti zinatoka, ila mashine inazitunza mpaka ipate mtandao ndipo izipeleke. Akichelewa kupanda ukingoni, mfumo wa halmashauri unamwona kama mtu asiyekusanya. Nilimuuliza huwa anapanda lini. "Ijumaa, nikienda kuswali mjini. Nafanya yote mawili."

Mnara mdogo wa sola hapa bondeni, wenye antena za masafa ya megahezi 700, ungetosha kwa vijiji kadhaa. Masafa ya chini yanakwenda mbali na yanapenya majani kuliko yale ya 1800 au 2100, na ndiyo yaliyokuwa miongoni mwa masafa ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliyauza kwa mnada mwaka 2022. Nimeandika "haupo" bila kusitasita, na pembeni nikaongeza: mnara unaonekana kwa macho.

Mzee aliliwasha gari tuanze kupanda. Juu kule tulisimama kupoza injini, akanunua mihogo ya kuchoma, tukala tukiwa kimya kwa sababu wote tulikuwa na njaa.

Alhamisi, Masasi

Masasi sina la kusema sana. Mkongo umefika, simu zinaruka, nimetuma data ya siku zote zilizopita kabla chai haijapoa. Majabali ya Masasi ni mazuri. Tumebadilisha tairi moja na springi ya nyuma.

Ijumaa na Jumamosi, Nachingwea

Ijumaa ilipita kwenye vijiji vya barabarani, namba za kawaida. Jumamosi tulikuta mnada wa korosho.

Huku chama kikuu cha ushirika ni RUNALI, cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Zamani wanunuzi walitumbukiza bahasha kwenye sanduku, zikafunguliwa mbele ya wakulima. Kuanzia msimu wa 2024/25 korosho zinauzwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX: mnunuzi anaweza kuweka bei akiwa Dar es Salaam au popote pale, na namba zinatokea kwenye skrini uwanjani.

Nilitaka kuona mtandao wa kijiji unabebaje jambo zito kama hilo. Chini ya turubai kulikuwa na projekta, jenereta nyuma ya ghala, na wakulima wengi kuliko viti. Vijana wa mitambo walikuwa na ruta mbili zenye laini za mitandao miwili tofauti, moja ikilegea nyingine inapokea. Nikapima jirani yao: mmoja megabiti 3, wa pili 1.1, na kuna watu wengi wanarusha video. Ilitosha. Mnada wenyewe hautumii data nyingi, ni namba tu zinazobadilika; kinachouumiza ni kukatika, si upole. Hili nimelirudia kwa wakubwa mara nyingi. Shughuli nyingi za kijijini hazihitaji kasi ya kutisha. Zinahitaji mtandao ambao hautaondoka katikati.

Bei ilisimama, ya juu na ya chini, zote zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo. Mwenye kipaza sauti akauliza kama wanauza. Wakajibu wote kwa pamoja kwamba wanauza, na kina mama wakapiga vigelegele.

Mzee mmoja jirani yangu, kofia ya kufuma na fimbo, hakupiga kelele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza anauonaje mfumo.

"Mzuri. Bei tumeiona wenyewe. Lakini bahasha haikuwa inahitaji mnara."

Baada ya watu kutawanyika nilikaa na karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha msingi. Ruta zile mbili zilikuwa zimeshaondoka na wenyewe. Yeye amebaki na kompyuta moja, modemu moja, na kazi ya kuingiza taarifa za wakulima na kilo zao kwenye mfumo. Anaingiza usiku. Mume wake amezoea. Amemwekea kitanda cha kamba ofisini kwa sababu hataki atembee na pikipiki saa tisa. Jina likikosewa herufi moja na lile la benki, malipo yanarudi, na mkulima anakuja kumgombeza yeye, si mtandao. Nikamuuliza bando analipa nani. Akacheka tu.

Na fedha zikiingia, bado kuna wakala wa kutolea fedha. Siku ya malipo wakala wa kijiji hana fedha taslimu kufikia saa nne asubuhi. Hilo haliko kwenye fomu yangu.

Jumapili, kuelekea Liwale

Nachingwea hadi Liwale ni msitu wa miombo, vumbi jekundu, na muda mrefu ambao simu zote nne zinasoma hakuna kitu. Kwa mpimaji huo ndio muda wa kulala. Mzee hakulala, alikuwa anatazama kinyesi cha tembo barabarani na kukadiria ni cha lini.

Kijiji tulichofika alasiri kina mnara wa ruzuku uliowekewa 4G hivi karibuni. Kwa wasiojua: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa sababu iliyo wazi, kwamba kampuni ya simu haitajenga pasipo na faida. Watoa huduma wanachangia mfuko, mfuko unatoa ruzuku, na kampuni inajenga pale ambapo yenyewe isingekanyaga. Mei 2023 pale Dodoma zilisainiwa kwa mkupuo hati za kujenga minara 758 nchi nzima. Ukipita huku unaelewa kwa nini. Watu wachache, umbali mkubwa, umeme wa gridi hakuna mnara ulipo, dizeli inafika kwa lori.

Mchana nilipima nikafurahi. 4G, -79, megabiti 11. Mwalimu wa shule ya msingi alinithibitishia: anajaza utendaji wake kwenye PEPMIS, mfumo wa watumishi wa umma, akiwa ofisini, kazi ambayo mwaka uliopita ilimlazimu kwenda Liwale mjini na nauli yake. Nikaandika "upo" kwa herufi kubwa.

Jioni muuguzi wa zahanati akanifuata nje ya nyumba tuliyofikia. Dada wa makamo, kanga begani, hakuzunguka.

"Fundi, wewe ndiye wa mnara?"

"Napima tu, dada."

"Basi kapime saa nane usiku."

Nilipima. Saa saba na dakika kadhaa simu zote mbili zilizokuwa na huduma zilizima mawimbi kwa pamoja. Kitochi cha mlinzi nacho kikawa kipofu. Zikarudi jua lilipopanda.

Zamani, alinieleza muuguzi, mnara ulipokuwa wa kupiga simu tu, ulikuwa haulali. Mama akishikwa uchungu ukaenda vibaya, yeye muuguzi alipiga 115, namba ya bure ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, gari likaratibiwa kuja kumchukua mama. Tangu walipokuja kuweka 4G, usiku hapigi. Anamtuma kijana wa bodaboda hadi kwenye mwinuko wa mbali ambako mnara wa kijiji kingine husikika, kijana anapiga, anarudi na majibu. Njia hiyo ina tembo.

Asubuhi mlinzi alinifungulia geti na nikaangalia kabati la umeme, kwa macho tu. Paneli za sola zilezile za mwanzo. Betri za risasi zilezile, mbili kati yake zimevimba. Juu mnarani wameongeza redio za 4G, ambazo zinakula umeme usiku kucha iwe kuna mtu anatumia au hakuna. Jenereta lipo, dizeli ilikuwa imekauka. Waliongeza mzigo bila kuongeza punda. Na kabati limepangwa hivi: betri ikishuka kiwango fulani, kila kitu kinazimwa kwa mpigo mmoja, 4G pamoja na 2G ya kupigia simu.

Hapa ndipo nilipokasirika, na sikukasirika kwa ajili ya betri. Betri huzeeka. Nilikasirika kwa sababu kwenye taarifa kijiji hiki kimepanda daraja. Kimetoka 2G kwenda 4G, kuna picha ya uzinduzi, na safu yangu inasema "upo". Aliyeharibikiwa ni mtu mwenye kitochi saa nane usiku, na hakuna safu inayomuuliza.

Kabati za siku hizi zinakubali kupangwa kwa hatua: betri ikifika nusu, zima 4G kwanza, iache 2G iendelee mpaka asubuhi. Fundi mwenye laptopu na ruhusa anabadilisha kwa muda wa saa moja. Kuna maeneo hata kufika hahitaji, anapanga kutokea mjini. Betri mpya za lithiamu ni bora zaidi, ila hizo zinasubiri fedha. Kupanga kabati hakusubiri fedha.

Nikafuta "upo".

Jumatatu, Liwale hadi Nangurukuru

Zaidi ya kilomita 200 za udongo, siku nzima. Mzee aliimba sehemu. Kuna vijiji vinavyopata mawimbi kwenye kona moja ya uwanja wa mpira na pengine popote hapana, na kuna mmoja ambako duka la vocha limejengwa palepale kwenye kona hiyo, biashara nzuri. Njinjo tulikunywa maji na kuulizia mto Matandu. Kiangazi hiki ni mpole, masika unaingia mpaka majumbani.

Nangurukuru ni lami na mabasi na mishikaki, na 4G isiyo na maringo. Mzee alinisimulia yaliyompata Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani tarehe 4, mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam kaskazini ya hapa, kule Somanga, na yeye alikuwa upande wa Lindi na shehena ya watu. Malori ya mafuta yalikuwa kwenye foleni ileile. Minara inayotegemea jenereta ikaanza kunyamaza mmoja mmoja kadiri dizeli ilivyokauka. Barabara haijatulia, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na sasa hata waliokuwa na mnara hai hawakuwa na intaneti ya maana, kuanzia huku hadi Nairobi.

"Watu walisema ni mvua," alisema Mzee. "Mimi nikasema basi hii mvua ina mikono mirefu."

Jumanne, Lindi

Mkuu wa mradi alipitia fomu kwenye skrini, mbio mbio, mpaka akafika kijiji cha njia ya Liwale.

"Hapa umeandika haupo. Mbona nimeona picha yako, megabiti 11?"

"Mchana."

"Basi upo."

"Saa saba usiku unazima wote, mpaka 2G. Walikuwa na simu ya usiku kabla ya 4G, sasa hawana."

Akasema mfumo haupokei maelezo, unapokea neno moja kati ya mawili. Nikasema basi neno langu ni hilo. Tukabishana mpaka chai ikaletwa. Tandahimba nayo ikawa hivyohivyo, kinyume chake: kule usiku kuna mtandao na jioni hakuna, na kwake hilo ni malalamiko ya wateja, si upungufu wa huduma. Nilimwonyesha vipimo viwili, saa mbili na saa nane, mawimbi yaleyale. Alivitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Tulichokubaliana si kikubwa. Kwenye nakala yetu, si ile ya mfumo, tumeongeza safu mbili: kipimo cha saa mbili usiku na kipimo cha saa nane usiku, kwa kila kijiji kitakachobaki, na posho ya kulala imeongezwa kwa ajili hiyo baada ya kelele kidogo. Tandahimba imepelekwa kwa watu wa madishi waangalie kama njia ya kutokea inaweza kupanuliwa. Kijiji cha bondeni Newala kimebaki "haupo" na ramani ya kivuli cha genge imeambatanishwa. Kuhusu kabati la Liwale, mwenye mnara amepigiwa simu mbele yangu. Betri akasema zitaingia kwenye maombi, tarehe hana. Mpangilio wa 2G amekubali. Kutokea mjini haiwezekani, kabati ni la toleo la zamani, kwa hiyo fundi ataondoka Alhamisi na basi la Nachingwea. Nimempa namba ya zahanati ampigie muuguzi akishamaliza, na nimemwambia alale hukohuko, asigeuze jioni.